Protoni kwa uvimbe wa kitako cha fuvu na wa mgongo: dozi, milimita na skrubu

SWALI: Kaka yangu ana miaka 41. Alifanyiwa upasuaji wa kordoma (saratani adimu ya mfupa inayokua polepole) ya klivasi, yaani mfupa wa katikati ya kitako cha fuvu, kwa kupitia puani, na daktari anasema kimebaki kipande kidogo kilichogusa shina la ubongo. Ameandikiwa mionzi ya protoni, grei 74 (grei ni kipimo cha dozi ya mionzi), siku tano kwa wiki. Kwa nini mionzi ya kawaida isitoshe? Na je, ubongo hautaungua? Mgonjwa mwenzake mwenye uvimbe wa aina hiyohiyo kwenye sakramu, mfupa wa mwisho wa mgongo juu ya kifandugu, ameambiwa kwamba skrubu alizowekewa mgongoni zitaivuruga tiba. Ni kweli?

JIBU: Ndugu yangu, nianze na kile kipande kilichobaki, kwa sababu kitaamua mengi kuliko jina la mashine. Kordoma haijali dozi ndogo. Ili izuiwe kwa miaka mingi inahitaji kama grei 74 hadi 78, na shina la ubongo haliwezi kustahimili kiasi hicho. Vituo vingi huruhusu uso wake wa nje upate grei 60 hadi 64, na kiini chake kisizidi 53 au 54. Uvimbe ukiwa umelilalia shina lenyewe, pale panapogusana patapata sitini na kitu, si 74. Hakuna mashine inayoweza kushusha dozi kutoka 74 hadi 60 ndani ya nafasi ambayo haipo. Na kordoma ina tabia ya kurudi palepale ilipopunjwa.

Kwa hiyo kabla hamjafika chumba cha mionzi, mwulizeni daktari wa upasuaji kama inawezekana kurudi ndani mara moja zaidi. Lengo la kurudi huko lisiwe kung'oa kila chembe. Inatosha kuutenganisha uvimbe na shina la ubongo, na pia na neva za macho kama nazo zimeguswa. Nafasi ya milimita 3 hadi 5 inabadilisha kabisa mpango wa mionzi. Saizi nayo ina uzito wake: kipande cha chini ya mililita 25 hivi hudhibitiwa vizuri kuliko kikubwa. Wakati mwingine jibu litakuwa hapana, kwa mfano uvimbe ukiwa umeng'ang'ania ateri ya basila, inayolisha shina la ubongo, au neva ambayo ikikatika mgonjwa hatameza tena. Jibu hilo ni halali, ila litoke kwa mpasuaji anayezifanya fuvu za namna hii mara kwa mara, na litoke baada ya kukaa na daktari wa mionzi wakatazama picha za MRI pamoja.

Jambo la pili ni jina la ugonjwa. Kwenye picha, kordoma na kondrosakoma, yaani saratani ya gegedu, hufanana sana. Kondrosakoma kwa kawaida hukaa pembeni kidogo ya mstari wa katikati, lakini hiyo haitoshi kutoa hukumu. Maabara ipime protini ya brakyuri kwenye kinyama kilichotolewa: kordoma ya kawaida huwa nayo, kondrosakoma haina. Tofauti hii si ya vitabuni tu. Kondrosakoma ya daraja la chini hupewa kama grei 70, na katika ripoti za vituo vikubwa zaidi ya wagonjwa 90 kati ya 100 hawakuwa na uvimbe unaokua tena baada ya miaka mitano. Kordoma ya kitako cha fuvu, pamoja na dozi kubwa zaidi, iko kwenye 70 hadi 80 kati ya 100 kwa muda huohuo.

Sasa protoni zenyewe. Mwale wa eksirei, yaani fotoni za mashine ya kawaida, huingia, hupita kwenye uvimbe, kisha huendelea hadi kutokea upande wa pili, ukiacha dozi njia nzima. Protoni ina uzito na chaji. Inapopenya mwilini hupungua mwendo, na kadiri inavyopungua ndivyo inavyomwaga nishati zaidi, hadi inapokaribia kusimama ndipo inaitoa kwa wingi mahali pamoja. Hapo panaitwa kilele cha Bragg. Mbele ya kilele hakuna kitu. Kina kinatokana na nishati, ambayo hupimwa kwa MeV: protoni ya MeV 70 husimama kama sentimita 4 ndani ya maji, ya MeV 150 kama sentimita 16, ya MeV 230 kama sentimita 33. Kilele kimoja ni chembamba mno kwa uvimbe mzima, kwa hiyo mashine hutuma tabaka baada ya tabaka, kila moja kwa nishati yake, na ndani ya kila tabaka sumaku huusogeza mwale doa kwa doa. Robert Wilson alipendekeza matumizi haya mwaka 1946, na mgonjwa wa kwanza alitibiwa Berkeley, Marekani, mwaka 1954. Uvimbe wa kitako cha fuvu ulikuwa miongoni mwa magonjwa ya mwanzo kabisa kupewa protoni kwa vikao vingi, kazi iliyoanza Boston katika miaka ya 1970, kwa sababu hapo ndipo faida ya kusimama ilionekana wazi.

Kuna dhana moja niiondoe. Protoni haiui uvimbe kwa ukali wa pekee. Kwa hesabu inayotumika karibu kote, nguvu yake kibiolojia ni mara 1.1 tu ya fotoni, na ile grei 74 mliyoandikiwa tayari imeingizwa kizidishi hicho. Faida yake yote ni kwamba inasimama, na kwa kuwa inasimama mnaweza kufikisha dozi kubwa kwenye klivasi huku sehemu kubwa ya ubongo ikipata kidogo au isipate kabisa. Mashine nzuri ya fotoni yenye kuchonga dozi nayo inaweza kupanda juu, wakati mwingine hadi grei 70, lakini humwaga dozi ndogo na ya kati kwenye eneo pana zaidi. Hakuna jaribio kubwa lililowagawa wagonjwa wa kordoma kwa kura kati ya protoni na fotoni. Tunategemea ripoti za wagonjwa waliofuatiliwa miaka mingi. Anayewaambia kwamba bila protoni hakuna matumaini anatia chumvi. Na anayesema mionzi yote ni sawa, mwambieni awaonyeshe mpango wa fotoni wenye grei 74 kwa uvimbe huohuo, na dozi ya shina la ubongo imeandikwa pembeni.

Hiyo faida ya kusimama ndiyo pia chanzo cha hatari. Fotoni ikikosea kidogo kina, hakuna kinachoharibika sana, kwa sababu dozi yake hubadilika taratibu. Protoni ikikosea milimita tano, kilele kizima kimehama milimita tano. Na kosa dogo lipo siku zote, kwa kuwa kina hukadiriwa kutokana na picha za CT, na kubadili rangi za CT kuwa nguvu ya kuzuia protoni ni makisio. Kanuni inayotumika sehemu nyingi ni kuacha asilimia 3.5 ya kina pamoja na milimita moja hadi tatu. Chukua uvimbe ulioko sentimita 10 ndani: asilimia 3.5 ni milimita 3.5, ongeza moja, ni 4.5. Linganisha na nafasi ya milimita 3 iliyopo kati ya uvimbe na shina la ubongo, mtaona kwa nini wapangaji makini hawapendi kuuelekeza mwale moja kwa moja kwenye shina wakitegemea usimame mlangoni. Tena zile milimita za mwisho za safari ya protoni huuma zaidi ya kizidishi cha 1.1, jambo ambalo namba za kwenye karatasi hazilionyeshi.

Kinachofanyika ni kutumia mielekeo mitatu au minne, mingi ikipita ubavuni mwa shina la ubongo, ili kingo ya pembeni ya mwale ifanye kazi ya kulinda na mwisho wake uangukie mahali pasipo na madhara makubwa. Programu ya kupanga nayo hulazimishwa kuujaribu mpango wake: mgonjwa asogee milimita kadhaa kila upande, kina kiongezeke na kipungue kwa asilimia 3.5, je, dozi bado inakubalika? Mwulizeni mwanafizikia wa tiba awaonyeshe hali mbaya kuliko zote katika majaribio hayo. Kituo kinachojua kazi yake kitakuwa nayo mkononi.

Maandalizi huchukua wiki moja hadi tatu. Kaka yako atatengenezewa barakoa ya plastiki inayolainishwa kwa joto, mara nyingi na kibano cha kuuma kwa meno ili kichwa kisigeuke. Atapigwa CT yenye vipande vya milimita moja akiwa ndani ya barakoa hiyo, kisha MRI kabla na baada ya kuchomwa dawa ya kung'arisha picha. Picha za kabla ya upasuaji nazo ziletwe, kwa kuwa dozi ya kati, kama grei 50 hadi 54, hutakiwa kufika kila mahali uvimbe ulipopita hata kama sasa panaonekana pasafi. Kama ana mziba wa chuma kwenye meno, aseme mapema. Meno mabovu yang'olewe kabla, si katikati ya tiba.

Grei 74 kwa grei 2 kila kikao ni vikao 37, yaani wiki saba na nusu. Wengine hutumia 1.8 ikawa vikao 41. Kikao kizima ni dakika 20 hadi 45. Sehemu kubwa ya muda huo ni kumlaza na kupiga eksirei za kulinganisha mifupa na mpango hadi tofauti ibaki kama milimita moja. Mwale wenyewe hutoka dakika moja au mbili kwa kila mwelekeo, na hausikiki mwilini. Baada ya kikao anaruhusiwa kubeba watoto na kulala na mwenzi wake. Mionzi michache inayoamshwa ndani ya tishu hupungua kwa nusu ndani ya dakika, si siku.

Nataka nikae kidogo kwenye pua, maana hapo ndipo mipango mizuri huharibikia kimyakimya. Upasuaji wa kupitia puani huacha matundu ndani ya sinasi, yaani mashimo ya hewa ya mifupa ya uso. Siku ya CT ya mpango, tuseme tundu la sentimita mbili limejaa makamasi. Mpango unahesabu makamasi hayo kama maji. Wiki ya tatu yamekauka, pamekuwa hewa. Hewa haizuii protoni karibu hata kidogo, kwa hiyo mwale wowote unaopita hapo sasa unakwenda sentimita mbili mbele zaidi, na ng'ambo ya klivasi, upande wa nyuma, kuna shina la ubongo. Ikitokea kinyume, hewa imepangwa na makamasi yakaingia, mwale unasimama kabla ya kuufikia uvimbe, na hakuna atakayejua hadi urudi baada ya miaka. Mafuta ya tumboni yanayotumiwa kuziba tundu la upasuaji nayo husinyaa. Eksirei za kila siku hazilioni hili vizuri, kwa kuwa zinatazama mifupa. Dawa yake ni CT ya kurudia, kila wiki au kila baada ya wiki mbili, na mpango kuhesabiwa upya juu yake. Mielekeo inayokwepa sinasi ni bora zaidi. Kaka yako naye aseme mara moja akipata mafua makali, na aseme barakoa ikianza kubana au kulegea, kwa mfano akiwa anameza dawa za steroidi zinazojaza uso.

Je, ubongo utaungua? Katika wiki zenyewe atachoka, atapoteza nywele kwa mabaka pale miale inapoingilia, ngozi itakuwa nyekundu, koo na pua vitakauka, na sikio linaweza kujaa maji. Hayo hupita. Yanayohitaji macho ni yale ya baadaye. Tezi ya pituitari iko jirani kabisa na klivasi, na kupungua kwa homoni ndilo tatizo la kawaida kuliko yote, hata miaka mitano au kumi baadaye. Kortizoli, homoni za tezi ya shingo, homoni za uzazi na za ukuaji zipimwe kabla ya tiba na kila mwaka. Mtu anaweza kuzunguka hospitali mwaka mzima na uchovu unaoitwa msongo wa mawazo kumbe ni kortizoli imeshuka. Kusikia hupungua koklea, kiungo cha kusikia ndani ya sikio, ikipata zaidi ya grei 45 hivi. Neva za macho na makutano yake huwekewa kikomo kati ya grei 54 na 60, kwa kuwa zikifa haziponi. Sehemu ya ubongo iliyo karibu na masikio, pande zote mbili, inaweza kupata vidonda vya tishu kufa, mara nyingi kati ya mwaka wa kwanza na wa tatu. Vingi huonekana kwenye MRI tu bila dalili, vingine huleta kifafa au usahaulifu na hutibiwa kwa steroidi au bevasizumabu. Shina la ubongo kuumia ni nadra vikomo vikiheshimiwa, lakini hakuna daktari mkweli atakayewaambia ni sifuri.

Kuhusu mgonjwa mwenzake na skrubu: ni kweli kwamba zinasumbua, ila si kweli kwamba zinaizuia tiba. Skrubu na fito za titani huleta shida mbili. Kwanza, kwenye CT hutoa michirizi inayoficha mpaka wa uvimbe na wa ugwe wa mgongo (kamba ya neva iliyo ndani ya pingili), na inayodanganya hesabu ya kina. Pili, titani huzuia protoni zaidi ya mara tatu ya maji. Skrubu yenye unene wa milimita 6 ni sawa na kama milimita 19 za maji, hivyo mwale unaoipitia unafupishwa karibu milimita 13 kuliko jirani yake unaopita pembeni. Mgonjwa akilala milimita mbili kando ya pale alipopangwa, baadhi ya madoa yanaikosa skrubu na kupitiliza, mengine yanaipiga na kuishia njiani. Matokeo ni vivuli vya dozi pungufu nyuma ya chuma, mahali ambapo mara nyingi uvimbe ulikuwa umekaa. Ripoti kadhaa zimeonyesha uvimbe kurudi zaidi kwa wenye vyuma vya titani, ingawa tukumbuke kwamba wanaowekewa vyuma vingi ndio waliokuwa na uvimbe mkubwa ulioubomoa mfupa.

Njia zipo. Wapangaji huchora kila skrubu kwa mkono na kuipa uzito wake halisi, huifuta michirizi na kuweka namba za tishu za kawaida, huchagua mielekeo isiyopita kwenye chuma, na vituo vingine huchanganya protoni na fotoni ili kujaza vivuli. Pale ugwe usipoonekana kwenye MRI kwa sababu ya chuma, hufanyiwa CT baada ya kudungwa dawa kwenye maji ya mgongo. Bora kuliko yote ni kufikiria mapema: zipo skrubu na fito za nyuzi za kaboni ambazo karibu haziharibu picha wala mwale. Kama upasuaji bado haujafanyika, hilo lizungumzwe leo, na wapasuaji waweke vyuma vichache kadiri mgongo utakavyostahimili.

Kwa sakramu yenyewe miale huingilia nyuma, kwa sababu mbele kuna utumbo, na gesi inayohama huko kila siku inacheza mchezo uleule wa makamasi ya sinasi. Utumbo ukiwa umeulalia uvimbe, mpasuaji anaweza kuweka kizuizi cha kuusogeza, kwa kuwa utumbo hauwezi grei 70. Ngozi ya mgongoni hupata dozi kubwa na kidonda cha upasuaji huko hupona polepole, kisiharakishwe. Vituo vingine hutoa sehemu ya dozi kabla ya upasuaji, kati ya grei 20 na 50, ili chembe zisimwagike zikiwa hai wakati wa kukata, kisha humalizia baadaye hadi kati ya 70 na 78. Uvimbe ukiwa juu, kwenye S1 na S2, pingili mbili za juu za sakramu, kuutoa kunaweza kumgharimu mtu uwezo wa kujizuia mkojo na choo. Kwa huyo, mionzi pekee bila upasuaji ni chaguo la kweli la kujadili. Baadaye aangaliwe mifupa ya nyonga na sakramu isipasuke kwa udhaifu.

Kwa faida ya wasomaji wengine: si kila uvimbe wa maeneo haya unahitaji protoni. Meninjioma ya kawaida, yaani uvimbe wa utando wa ubongo, hudhibitiwa kwa grei 50 hadi 54, dozi ambayo fotoni hufikisha vizuri kwa mtu mzima. Saratani iliyosambaa kwenye pingili hutibiwa kwa fotoni zenye shabaha kwa kikao kimoja hadi vitano. Watoto ni suala jingine: kwao kupunguza mionzi kwenye ubongo na mifupa inayokua kuna uzito mkubwa, na mimi ningetafuta protoni kwanza.

Turudi kwa kaka yako. Tiba ianze kidonda kikipona, kwa kawaida ndani ya miezi miwili au mitatu, ila msisubiri uvimbe ukue tena ndipo mwende; protoni kwa kordoma iliyorudi hufanya kazi vibaya zaidi kuliko mara ya kwanza. Kituoni ulizeni wametibu kordoma ngapi za klivasi, nani ataangalia CT za kurudia na siku gani, na shina la ubongo litapata dozi gani katika ile hali mbaya kuliko zote. Mashine ikiharibika katikati ya wiki, wana mpango gani? Siku zikirukwa nyingi, kordoma inafaidika.

MRI ya kwanza baada ya tiba, miezi mitatu hivi, isiwavunje moyo ikionyesha kipande bado kipo. Kordoma hufa taratibu na mara nyingi haisinyai sana. Kutokua ndiyo habari njema. Picha ziendelee kila miezi mitatu hadi sita kwa miaka ya mwanzo, halafu kila mwaka, kwa zaidi ya miaka kumi, kwa kuwa hurudi hata kwa kuchelewa. Mkitoka, ombeni nakala ya mpango wenyewe kwenye diski: CT, michoro ya viungo na ramani ya dozi, si barua ya ukurasa mmoja. Uvimbe ukirudi, daktari atakayetaka kutoa mionzi tena lazima ajue kila milimita ya shina la ubongo ilishapata grei ngapi.